Misuli Inauma, Jeraha Liko Wapi?

Kaa kidogo kwenye benchi la duka la dawa, iwe Kariakoo au Kongowea, usikilize wateja wanaomba nini. Mmoja anataka diklofenaki za mia tano. Mwingine anasema, "Nipe ile ya mgongo," na muuzaji anainamia kabati bila kuuliza swali la pili. Wa tatu anataka kujua kama sindano ipo. Hakuna kati yao aliyeanguka wala kugongwa. Wanaumwa mgongo, kiuno, shingo au mabega, na wameumwa hivyo tangu mwaka juzi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.71 wanaishi na matatizo ya misuli, mifupa au viungo. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020, na hesabu za watafiti zinaonyesha kuwa ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi kiasi hicho waishi na ulemavu. Hata hivyo ni nadra kulisikia likipigiwa kampeni, na mara nyingi hata kipimo cha kulionyesha hakuna. Mwenye nalo huambiwa hana kitu, au huuziwa kitu.

Hoja ya uchambuzi huu ni hii: maumivu ya misuli yakishadumu, ukali wake na hali halisi ya misuli huwa vimeachana njia. Anayeendelea kutafuta jeraha hupoteza fedha na miaka. Anayetafuta kinachoyaendeleza maumivu ana mahali pa kushika.

Baada ya miezi mitatu

Kitabibu, maumivu huitwa sugu yakidumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Mpaka huo una sababu. Msuli hupata damu nyingi na hujitengeneza haraka. Mchubuko wa kawaida hupona ndani ya wiki chache, na msuli uliochanika kwa kawaida huwa umeshaunga kabla ya miezi hiyo kwisha. Maumivu yanayoendelea baada ya hapo yanahitaji maelezo mengine.

Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, IASP, kinayagawa maumivu katika makundi matatu. La kwanza linatoka kwenye tishu yenyewe: umejikata, umeungua, kiungo kimevimba. La pili linatoka kwenye mshipa wa fahamu ulioharibika, kama miguu ya mgonjwa wa kisukari inayowaka moto usiku. La tatu lilipewa jina mwaka 2017 tu, nalo ni maumivu ya nosiplastiki: tishu haionekani kuumia, mishipa ya fahamu haionekani kuharibika, ila mfumo mzima wa kupokea na kuchuja taarifa za maumivu umebadilika tabia. Orodha ya magonjwa ya WHO iitwayo ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo ikaweka fungu la maumivu sugu ya msingi, yaani maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa.

Makundi haya huchanganyika ndani ya mtu mmoja. Mbeba magunia anaweza kuwa na misuli iliyochoka kweli na, juu yake, mfumo wa fahamu uliokwisha kuwa mkali. Kwa hiyo swali la "ni misuli au ni mishipa?" mara nyingi halina jibu moja.

Fundi kwenye cherehani

Mtazame fundi cherehani akiwa kazini. Miguu inapiga pedali, lakini taabu iko juu. Shingo imeinama mbele, mabega yamenyanyuka kidogo ili viganja viongoze kitambaa chini ya sindano. Msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukatanda juu ya bega na kushuka hadi katikati ya mgongo, hauinui kitu chochote kizito. Umekaza tu, kidogo, saa baada ya saa, na hapo ndipo penye shida. Msuli unaokaza na kulegea huisaidia damu kupita. Unaokaza bila kulegea huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alipendekeza kwamba zipo nyuzi ndogo za msuli zinazoitwa kazini za kwanza na kuachiwa za mwisho, hata kazi iwe nyepesi namna gani. Ndiyo maana kazi isiyotoa jasho inaweza kumwacha mtu na mabega yanayowaka jioni.

Maelezo ya mtaani husema "asidi imejaa misulini." Asidi ya laktiki huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kazi. Maumivu ya siku ya pili baada ya kulima shamba uliloliacha miezi sita hutokana na uharibifu mdogo mdogo wa nyuzi na mwitikio wa mwili katika kuzitengeneza. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa yenyewe. Huo si ugonjwa, na hauhitaji dawa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba msuli hausemi ukweli kuhusu mahali. Mwaka 1938 mjini London, daktari kijana Jonas Kellgren aliwachoma watu wenye afya sindano za maji ya chumvi kali misulini, kisha akachora mahali waliposema panauma. Chumvi iliyoingia kwenye msuli wa nyuma ya bega ilisikika kwenye ncha ya bega na kushuka mkononi. Mkandaji anayefuata kidole cha mgonjwa anaweza basi kukanda mahali pasipohusika kabisa.

Juu ya kazi ya namna hiyo, Janet Travell wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa nchi hiyo, alijenga nadharia ya vifundo vya misuli: vinundu vilivyokaza ambavyo vikibonyezwa hupeleka maumivu mbali. Kitabu alichotoa na David Simons mwaka 1983 kingali kinatumiwa. Lakini wapimaji wawili wakimpapasa mgonjwa yuleyule, mara nyingi hawakubaliani vifundo viko wapi, na nadharia yenyewe ina wapinzani wenye hoja nzito.

Mgonjwa mashuhuri wa Travell alikuwa Rais John F. Kennedy, aliyeingia Ikulu akiwa amekwisha kupasuliwa mgongo mara nne. Travell alimchoma sindano za ganzi misulini, tena na tena. Nafuu ilikuja na kuondoka. Mwaka 1961 akaitwa Hans Kraus, daktari mhamiaji kutoka Austria na mpanda milima, aliyepinga sindano hizo na kumwanzishia rais mazoezi mara tatu kwa wiki. Hali ya Kennedy ikawa afadhali. Mgongo wake ulikuwa na matatizo mengi, na mtu mmoja hathibitishi kanuni. Ila ugomvi ule wa sindano na mazoezi ndio huohuo unaoendelea leo katika kila zahanati, na tangu wakati huo ushahidi umekusanyika.

Mlinzi na filimbi yake

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia ya lango. Walisema taarifa kutoka mwilini haziendi ubongoni moja kwa moja. Zinapita kwenye lango lililomo ndani ya uti wa mgongo, na lango hilo linaweza kupanuliwa au kubanwa, ama na mguso wa ngozi ama na amri kutoka ubongoni. Mtoto aliyejigonga husugua goti bila kufundishwa, na kusugua kunasaidia. Mwaka 1983 Clifford Woolf akaonyesha kwa panya wa maabara upande wa pili wa jambo hilo: baada ya jeraha, uti wa mgongo wenyewe huongeza ukali, kiasi kwamba kichocheo kidogo hupokewa kama kikubwa.

Mfumo uliofikia hapo unafanana na mlinzi aliyeibiwa mara moja akiwa zamu, akaanza kupuliza filimbi hata paka akipita ukutani. Filimbi ni ya kweli na waliolala ndani wanaamka kweli; mwizi ndiye hayupo.

Kinachomfanya mlinzi awe hivyo si kitu kimoja. Usingizi uko mbele. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake mjini Toronto waliwavuruga watu wenye afya usingizi mzito kwa sauti, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache watu hao walianza kulalamika maumivu na uchovu wa misuli. Msongo wa mawazo, huzuni iliyokaa, ukatili wa utotoni na maumivu ya zamani ambayo hayakutibiwa vizuri vyote huongeza uwezekano. Hofu nayo ina nguvu: aliyeambiwa "mgongo wako umeisha" huanza kutembea kama aliyebeba trei la mayai, misuli inakaza siku nzima, na misuli iliyokaza inauma.

Mwisho wa mbali wa hali hii ni faibromialjia: maumivu yaliyosambaa mwilini, usingizi usioburudisha, uchovu na akili nzito. Huonekana zaidi kwa wanawake, na haina kipimo cha damu wala cha picha. Vigezo vya Marekani vya mwaka 1990 vilidai mgonjwa aumie akibonyezwa angalau sehemu 11 kati ya 18. Vile vya 2010 viliachana na kubonyeza na badala yake vikahesabu maeneo yanayouma na uzito wa dalili nyingine. Mabadiliko hayo yalikuwa kukiri kwamba ugonjwa hauko ndani ya sehemu zile 18.

Hapa ndipo wagonjwa wengi huumizwa mara ya pili, kwa kuambiwa maumivu yako "kichwani." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. IASP ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020 iliweka wazi kwamba maumivu na taarifa za hatari kutoka kwenye tishu ni vitu viwili tofauti, na kwamba kauli ya mtu kuhusu maumivu yake inapaswa kuheshimiwa. Ubongo kuhusika hakuyafanyi maumivu kuwa ya kujifanya.

Kwanza ondoa mengine

Kabla ya kuyaita maumivu kuwa ya nosiplastiki, kuna magonjwa ambayo lazima yatafutwe, hasa katika mazingira yetu. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu ya mgongo humtaka daktari afikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi mwenye homa inayokuja na kuondoka, huku mgongo na viungo vinauma, apimwe brusela. Chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika na kuzuka tena Lamu mwaka 2004, inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi baada ya homa kwisha. Tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, upungufu wa vitamini D na baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli huumiza misuli. Mtu aliyepita miaka 50 anayeamka mabega na nyonga vimekakamaa ghafla anaweza kuwa na ugonjwa wa uvimbe unaotibika vizuri ukijulikana mapema.

Dalili chache hazisubiri kesho: miguu kupoteza nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, maumivu yanayozidi kila usiku hata ukiwa umetulia, au historia ya saratani. Hapo ni hospitali, si mafuta ya kuchua.

Kosa letu la kawaida ni kuupa kila uchovu wa mwili jina la malaria. Watafiti waliowafuata wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 walikuta kwamba asilimia 60.7 walikuwa wamedhaniwa na madaktari kuwa na malaria; waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Brusela, chikungunya na leptospira zilikuwa zimejificha humo humo.

Kosa la upande wa pili ni kuamini picha kupita kiasi. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za uti wa mgongo za watu wasioumwa kabisa ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wa miaka 80. Yaani picha yenye "diski zilizochakaa" mara nyingi inaonyesha umri, kama mvi zinavyouonyesha. Anayelipia kipimo cha MRI bila dalili za hatari yuko kwenye hatari ya kurudi nyumbani na jina la kutisha litakalomfanya aache kuinama.

Kinachouzwa dukani

Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uvimbe na maumivu, na mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaziruhusu. Shida iko kwenye jinsi tunavyozitumia: kila siku, kwa miezi, bila kula, bila kumwambia anayetibu shinikizo la damu. Zinachubua tumbo hadi kutoa vidonda vinavyovuja damu, zinapandisha shinikizo na zinaumiza figo, hasa za mtu mzima anayefanya kazi juani na kunywa maji kidogo. Sindano yake haina ubora wa pekee kuliko kidonge kwa maumivu ya miaka; inachoongeza ni bei na imani.

Hatari zaidi ni vidonge vya mchanganyiko visivyo na jina ambavyo ndani yake mna dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Mgonjwa hupata nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili, uso ukavimba baada ya miezi, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika, na akiacha ghafla mwili unaporomoka. Mwongozo huo wa WHO unazikataa steroidi kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na dawa za kulegeza misuli na dawa za jamii ya afyuni.

Kuhusu hizo za mwisho, tramado ikiwemo, ushahidi umekuwa mkali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwafuata kwa mwaka mzima wagonjwa 240 wa maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti; waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuwa na uwezo zaidi wa kufanya shughuli kuliko waliopewa dawa za kawaida, na madhara yao yalikuwa mengi zaidi.

Kwa maumivu yaliyosambaa, madaktari hutumia dozi ndogo ya amitriptilini usiku, hasa kwa ajili ya usingizi, au duloksetini na pregabalini. Miongozo haikubaliani hapa. Taasisi ya Uingereza ya NICE mwaka 2021 ilizikubali baadhi ya dawa za huzuni kwa maumivu sugu ya msingi, huku ikizikataa hata parasetamoli na ibuprofeni. WHO haizipendekezi dawa hizo za huzuni kwa maumivu sugu ya kiuno. Tofauti hiyo yenyewe ni habari. Dawa hizi humsaidia mtu mmoja, zikashindwa kwa wengine kadhaa, na anayestahili kuzipima kwa mgonjwa ni daktari, si jirani aliyepona.

Mikono, mafuta na chuku

Kukandwa ni tiba ya kale kuliko hospitali zote za pwani, na haikustahili dharau iliyopewa. WHO inakubali kukanda kama sehemu ya matibabu, ikisema wazi kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Mguso wa ngozi hubana lile lango la Melzack na Wall, mwili unalegea, usingizi unakuja. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ni ya saa au siku. Mkandaji mzuri huitumia nafasi hiyo kumtembeza mgonjwa. Mkandaji mbaya humpangia arudi kesho, na kesho kutwa.

Mafuta nayo yana sayansi yake. Pilipili ina kapsaisini, ambayo ndiyo iliyomwongoza David Julius kukigundua kipokezi cha joto na maumivu kilichomo kwenye mishipa ya fahamu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ikipakwa mara kwa mara, kapsaisini huichosha mishipa ya ngozi isipige kelele, na mwongozo wa WHO unaikubali pilipili ya kupaka kwa masharti. Mafuta ya karafuu ya Pemba yana eujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi kutuliza jino. Mgonjwa anayejua kwamba mafuta humpa saa chache za kusogea, hayampi mgongo mpya, anayatumia vizuri.

Chuku, au hijama, ina wafuasi kutoka Unguja hadi Muscat. Wengi husema wanatoka wepesi. Tafiti zilizopo ni ndogo na haziruhusu ahadi kubwa. Kinachojulikana bila shaka ni hatari ya wembe na vikombe visivyosafishwa ipasavyo: homa ya ini na virusi vya UKIMWI husafiri na damu. Mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani, kwa upande wake, imekataliwa waziwazi na WHO.

Mwendo wenye kipimo

Mwaka 1986 Richard Deyo alilinganisha siku 2 za kulala kitandani na siku 7 kwa wenye maumivu ya kiuno. Waliolala siku 2 walipoteza siku chache za kazi na hawakuumwa zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki wakaenda mbele zaidi: kwa maumivu mapya ya kiuno, walioendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu walipona haraka kuliko waliolala na kuliko waliopewa mazoezi maalumu. Tangu hapo ushauri wa "lala mpaka upone" hauna pa kusimama.

Kwa maumivu sugu, mazoezi ndiyo tiba yenye ushahidi mpana kuliko zote. Uchambuzi wa 2021 wa mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 249 na kukuta mazoezi yanapunguza maumivu ya kiuno kwa wastani wa pointi 15 kati ya 100. Kwa faibromialjia, jopo la Ulaya la EULAR lilipochambua tiba zote lilipendekeza kwa nguvu moja tu, mazoezi. Utafiti wa Australia wa 2024 uliwahusisha watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno: wale waliopangiwa kutembea, kwa lengo la dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, wengine siku 112. Lakini pointi 15 si 100. Anayeahidiwa kupona kabisa kwa mazoezi atayaacha mwezi wa pili akidhani yamemshinda yeye.

Ugumu uko kwenye kipimo. Mwenye maumivu sugu huishi kwa kupanda na kuanguka. Siku ya nafuu anafua nguo za wiki nzima, anapalilia, anapanga kuni. Kesho yake hainuki, na analala siku tatu. Kila mzunguko unamfundisha ubongo kwamba kusogea ni hatari. Njia ya kutoka ni kuanza chini ya uwezo. Anayeweza kutembea dakika 10 bila kuilipia kesho yake aanze na 8, siku njema na siku mbaya, aongeze dakika moja au mbili kila wiki. Siku njema asizidishe, siku mbaya asiache. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni imani ya mwili kwamba mwendo hauumizi.

Turudi kwa fundi wetu. Nchini Denmark mwaka 2011, wafanyakazi 198 wa ofisini waligawanywa: baadhi walivuta mkanda wa mpira kwa kunyanyua mikono pembeni dakika 2 kwa siku, wengine dakika 12. Baada ya wiki 10 makundi yote mawili yalikuwa na maumivu machache ya shingo na mabega kuliko waliopewa ushauri mtupu, na waliofanya dakika 2 hawakuachwa mbali. Fundi anahitaji kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na mazoea ya kusimama kila nguo moja inapokamilika. Akiongeza mto wa kupandisha kiti ili asiinue mabega, ameanza kutibu kinachoendeleza maumivu yake.

Mzigo wa kazi

Msomaji anaweza kuuliza: hamali wa sokoni anatembea na kubeba tangu alfajiri, mazoezi gani tena? Ni swali la haki. Andreas Holtermann na wenzake wa Denmark wameonyesha kwamba kujishughulisha wakati wa mapumziko hujenga afya, ilhali kazi nzito ya siku nzima, isiyo na nafasi ya kupoa, huibomoa. Mwili unanufaika na mzigo unaopanda na kushuka kwa hiari ya mwenyewe. Hamali hana hiari hiyo. Anachohitaji ni mapumziko, mizigo midogo na usingizi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti, alioshiriki mwanafiziolojia Mkenya G. M. O. Maloiy, ulioonyesha kwamba wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Ustadi huo ni wa ajabu. Lakini nishati na shingo ni hesabu mbili: kubeba maji kichwani bila kutweta hakumaanishi kwamba pingili za shingo hazibanwi. Bomba la maji karibu na nyumba lingeokoa shingo nyingi kuliko dawa ya kuchua.

Vivyo hivyo magunia. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa mwanamume mzima. Gunia la lumbesa hupita kilo mia. Kenya iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni hiyo ikisimamiwa ni tiba ya mgongo hata kama haikuandikwa na daktari. Tanzania ina sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003, Kenya ya 2007, lakini anayelipwa kwa gunia au kwa nguo hana mwajiri wa kumfikisha kwa mkaguzi.

Kipi kibadilike

Zana tunazo. Hospitali ya KCMC ya Moshi na vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC nchini Kenya vinafundisha wataalamu wa fiziotherapia. Ila wengi wao hukaa hospitali kubwa, na mgonjwa hufika kwao akiwa ameshapita dukani, kwa mkandaji na kwenye picha. Mpangilio huo ungepinduliwa. Zahanati ingeanza kwa kuuliza maswali ya hatari, ikapima yanayopimika, kisha ikampa mgonjwa dakika 20 za maelezo na mpango wa mwendo. Dakika hizo ni ghali kuliko kidonge siku ya kwanza, na rahisi kuliko vidonda vya tumbo mwaka wa tatu.

Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Tumezoea kumuuliza mgonjwa maumivu yako ni ngapi kati ya 10, na namba hiyo ndiyo inayomrudisha dukani, kwa sababu dawa huishusha kwa saa sita. Aulizwe badala yake: wiki hii umefanya nini ambacho mwezi uliopita kilikushinda? Umelala saa ngapi? Umekosa siku ngapi za kazi? Mwenye maumivu ya 5 anayeshona, anayelala na anayewachukua watoto wake amepiga hatua kumzidi mwenye maumivu ya 2 aliyelala kitandani na pakiti ya vidonge. Mtoa tiba asiyeuliza maswali hayo bado anatibu jeraha ambalo pengine halipo.